Ekzosi mpya iliyomwondoa babu getini

Saa kumi na mbili jioni huko Akeri, juu kidogo ya Tengeru, kila mtu nyumbani ana kazi yake. Mama anawasha jiko la mkaa, watoto wanaingiza vyombo ndani, mbuzi wanarudishwa bandani. Katika nyumba moja iliyozungukwa na migomba na kahawa, kazi ya kufungua geti haigombewi na mtu. Ni ya babu.

Babu haoni. Miaka kadhaa iliyopita madaktari wa macho wa KCMC, Moshi, walimweleza kwamba presha ya macho, ambayo kwa jina la kitaalamu ni glakoma, imeshaharibu sehemu kubwa ya neva ya jicho. Ugonjwa huu huja taratibu, mara nyingi bila maumivu, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Dawa na upasuaji hulinda kilichobaki tu. Kwa babu, kilichobaki kilikuwa kidogo, nacho kikaisha.

Lakini huyu ni mzee aliyefanya kazi maisha yake yote kama fundi wa matrekta na pampu za maji kwenye mashamba ya kahawa. Zamani alikuwa akiweka bisibisi kwenye injini, upande wa mpini akiubana sikioni, na kusema beringi ipi imechoka. Macho yalipozima, masikio yakashika zamu.

Kila jioni hukaa kwenye kigoda chini ya mparachichi. Pikipiki ya mwanawe ikikata kona ya kanisa, anaisikia. Gia ikishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, anajua muda uliobaki unamtosha kutembea kwa mkongojo wake hadi getini. Anavuta komeo, anafungua, kisha anasimama kushoto akiwa ameegemea nguzo. Pikipiki inapita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu nyumbani."

Halafu anafunga geti. Kwa miaka miwili utaratibu ulikuwa huo, mvua au jua.

Kitu chake mwenyewe

Mwanawe ni dereva wa watalii. Siku nyingi za mwezi yuko nyuma ya usukani wa gari la kampuni, akiwapeleka wageni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Gari si lake, saa si zake, na hata redio hawashi mpaka mgeni apende. Ndiyo maana alipopata nafasi ya kununua pikipiki mkononi mwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, hakujiuliza mara mbili.

Ilikuwa Royal Enfield Classic 350. Jina hilo lilianzia Uingereza, ambako pikipiki ya kwanza ya Royal Enfield ilitengenezwa mwaka 1901. Mwaka 1955 zilianza kuunganishwa Madras, India, na viwanda vya Uingereza vilipofungwa, India iliendelea. Leo pikipiki hizi hutengenezwa na Wahindi kwa ajili ya dunia nzima, Waingereza wakiwamo. Taa ni ya duara, tangi lina umbo la chozi, kiti ni cha kizamani, lakini ndani mna mfumo wa kisasa wa kunyunyizia mafuta kwa kompyuta. Injini ina silinda moja ya sentimita za ujazo 349 na nguvu ya farasi wapatao 20. Haikuumbwa kwa mbio. Iliumbwa kwa mwendo wa kutulia, na mlio wake ni wa taratibu, kama mtu anayetwanga asiye na haraka.

Jumapili akiwa hana wageni, aliipanda na wenzake wawili hadi Ngarenanyuki, wakiuzunguka mlima Meru kwa nyuma. Ni hao wenzake waliomwambia kwamba pikipiki yake imezibwa mdomo. Walimwonyesha kwenye simu video za pikipiki kama hiyo zikinguruma, akaamini.

Mkewe alikuwa na hesabu nyingine. Masika yalikuwa yanakaribia, na walikuwa wamekubaliana kufunga gata na kununua simtanki ya lita 2,000. "Pikipiki inatembea, mume wangu," alisema. "Maji hatuna." Yeye akajibu kwamba simtanki itakuja mwezi unaofuata. Shilingi laki nne na nusu zikaenda Nairobi, na baada ya wiki mbili ekzosi ikaja kwa basi kupitia Namanga, ndani ya boksi refu, ikiwa imefungwa kwa karatasi laini kama nguo ya harusi.

Kazi ya saa moja

Kuifunga si kazi kubwa, na fundi wake wa Unga Limited aliifanya vizuri. Kwanza aliiacha injini ipoe kabisa. Akapulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati, akasubiri. Akafungua klempu inayounganisha bomba la mbele na ekzosi, kisha bolti zinazoishikilia kwenye fremu, huku mkono wa pili ukiibeba isije ikaning'inia na kupinda bomba. Akaweka gasketi mpya. Ekzosi mpya akaipachika kwa vidole tu, nati zote zikiwa legevu, mpaka kila kitu kilipokaa mahali pake. Ndipo akakaza, akianzia upande wa injini kurudi nyuma. Mwisho akaifuta kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole yakipikwa na joto la kwanza huacha alama zisizotoka.

Kabla ya kuwasha alimwambia mteja wake ukweli. Ekzosi ya kiwandani ina vyumba na matundu ndani yake. Mlipuko wa injini ukipita humo, mawimbi ya sauti yanagongana na kuuana. Hii mpya ni bomba lililonyooka, lenye matundu na pamba ya kioo pembeni, kwa hiyo sauti inapita karibu ilivyo. Nguvu haitaongezeka kwa kiasi cha mtu kuhisi. Tena hewa ikipita kwa wepesi bila mafuta kurekebishwa, itakuwa inapasuka-pasuka ukiachia mkono wa gesi kwenye mteremko. Na kule nyuma kuna kizibo kidogo cha kupunguza kelele; asikitoe.

Walipofika barabarani, kizibo kilitolewa. Mwenyewe alikitoa.

Alivyopanda kutoka Tengeru jioni ile, alijisikia kijana wa miaka ishirini. Watoto wa njiani walipiga kelele za furaha. Kuku walikimbia. Babu alisikia kishindo kutoka mbali sana, akamuuliza mjukuu wake wa miaka minane, "Ni lori gani hilo linapanda huku?"

"Ni baba," mtoto akasema.

Jioni ya wiki ya pili

Siku za mwanzo babu alijaribu kuzoea. Alikosea muda, akafika getini mapema mno au amechelewa, mwanawe akawa anasubiri nje huku injini inanguruma. Hakulalamika. Ni mkwewe aliyegundua kwamba mzee sasa anaanza kuelekea getini saa kumi na moja na nusu, akisimama pale nusu saa nzima ili asikosee.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Tengeru. Geti lilikuwa wazi tayari. Pikipiki ikaingia kati ya ukuta wa tofali na lile geti la bati, na ngurumo ikajaa uwanja wote, ikigonga ukuta na kurudi, ikigonga bati na kurudi. Babu akadhani imeshapita. Akatoka kwenye nguzo yake ili afunge.

Mwanawe alishika breki zote mbili. Gurudumu la nyuma liliteleza kwenye kokoto, kioo cha pembeni kikampiga mzee kwenye kiwiko, akaanguka chini akiwa ametanguliza mkono. Kwa bahati mfupa haukuvunjika. Kifundo kiliteguka na kufungwa bandeji kwa wiki tatu.

Usiku ule mwana alikaa kitandani kwa baba yake, akamshika mkono ule mzima, akasema maneno aliyoyaona ya upendo. "Baba, kuanzia leo usifungue geti tena. Mtoto atafungua."

Babu alijibu, "Sawa."

Kesho yake kigoda kilibaki kitupu. Na kesho kutwa. Mzee alikaa chumbani na redio, akaomba chakula apelekewe humo. Mwana akadhani ni maumivu ya mkono. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka sahani na kuzirudisha nusu zikiwa zimejaa, alimsubiri mpaka watoto wamelala.

"Baba ana kazi moja katika nyumba hii," alimwambia. "Halimi tena, hashiki spana tena. Alikuwa anatufungulia geti. Tumemnyang'anya kwa ajili ya bomba."

Mume hakujibu. Hakulala pia.

Sikio linavyopima

Jirani yao ni mwalimu aliyesomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, palepale Tengeru, chuo kinachoandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, wakiwamo wasioona. Alipokuja kumjulia hali mzee, dereva alimuuliza jambo lililokuwa likimsumbua: sauti imeongezeka, kwa nini basi baba amesikia vibaya zaidi?

Mwalimu alimweleza. Mtu hujua sauti inatoka upande gani kwa sababu inalifikia sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa sababu kichwa huikinga kidogo isifike kwa nguvu ileile sikio la pili. Sauti nyembamba hukingwa vizuri. Sauti nzito ya kunguruma hukizunguka kichwa, na masikio yote mawili huipata karibu sawa. Ongeza ukuta unaorudisha mwangwi, mtu anabaki ndani ya kelele isiyo na upande. Zaidi ya hayo, kelele kubwa humeza sauti ndogo ambazo asiyeona anazitegemea: matairi yanavyosaga kokoto, mnyororo unavyokwaruza, ncha ya mkongojo wake mwenyewe inavyogusa jiwe.

Akaongeza kwamba ukimya nao si dawa. Magari ya umeme yalipoenea, wasioona walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulalamika, na kuanzia mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukalazimisha aina mpya za magari hayo kutoa sauti yanapotembea polepole. Asiyeona anahitaji sauti ya kiasi, anayoifahamu.

Kuhusu mwenye pikipiki mwenyewe, wataalamu wa afya wanahesabu kelele ya desibeli 85 kuwa kikomo cha saa nane kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unapungua kwa nusu. Tanzania nayo ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini dereva hakuhitaji kusomewa sheria. Alikuwa ameshaelewa kwenye ule mtelezo wa kokoto.

Spana mkononi mwa babu

Jumapili iliyofuata hakwenda Ngarenanyuki. Alitandika gunia chini ya mparachichi, akapanga spana, akatoa ekzosi ya zamani stoo. Kisha akaingia chumbani.

"Shikamoo, baba. Nina kazi hapo nje, na fundi wangu yuko mbali. Naomba unisaidie."

Mzee alikaa kimya kidogo. "Fundi gani anafanya kazi na mkono mmoja?"

"Mimi nitakuwa mkono wa pili."

Akatoka. Alikaa kwenye kigoda, akaipapasa ekzosi mpya kutoka mbele hadi nyuma, akaigonga kwa kifundo cha kidole. "Hii ni tupu," akasema. Akaigonga ya zamani. "Hii ina vyumba. Aliyeitengeneza alifikiria na majirani." Mwanawe alicheka, mara ya kwanza kwa wiki nzima.

Kazi ya saa moja ilichukua karibu tatu. Babu aliuliza kama injini imepoa, akaigusa kwa nyuma ya kiganja mwenyewe ili ahakikishe. Alikataa gasketi iliyotumika isirudishwe. Mwana alipotaka kukaza bolti ya kwanza akazuiwa: "Zipachike zote kwanza. Ukikaza moja, zilizobaki zitakukataa." Mjukuu alishika kopo la nati na kuzitoa moja moja alipoombwa.

Walipomaliza, babu alisema, "Nenda mpaka lami, urudi."

Pikipiki ikateremka, mlio wake ukafifia kwenye migomba. Mzee akachukua mkongojo. Mkwewe alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akamzuia binti yake kwa bega asimkimbilie babu kumshika.

Baada ya kitambo sauti ikarudi, ya kutwanga bila haraka. Kona ya kanisa. Gia ya tatu. Gia ya pili. Babu alivuta komeo kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado ulikuwa na bandeji, akasukuma bati, akarudi kwenye nguzo yake na kuiegemea. Pikipiki ikapita kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu nyumbani. Mnyororo umelegea, kesho uukaze."

Ekzosi ya Nairobi iko stoo ndani ya boksi lake, inasubiri mnunuzi. Bei imeshuka mara mbili. Mke ameshapima urefu wa paa kwa kamba na kuifunga kamba hiyo fundo kwenye msumari wa stoo, palepale juu ya boksi, ili siku litakapouzwa hesabu ya gata isianze upya.