Barafu Karibu na Ikweta

Mwaka 2005 ulifunguliwa Nairobi, ndani ya jengo la hoteli ya Panari katika barabara ya Mombasa, uwanja wa kuteleza juu ya barafu, wa kwanza wa namna yake katika Afrika Mashariki. Mji ulio jirani na Ikweta kuwa na barafu mwaka mzima ni jambo la kustaajabisha, lakini hapana uchawi ndani yake. Chini ya sakafu hulazwa mabomba yanayopitisha kimiminiko cha baridi kali. Juu yake humwagwa maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, yakaganda. Ni jokofu la dukani, ila limetandazwa chini. Na kwa kuwa joto la nje halipumziki, mashine nayo haipumziki, na umeme wake lazima ulipwe.

Gharama hiyo ndiyo iliyozua maneno kwetu Manchira. Mpwa wangu asomaye Nairobi, ambaye sisi ndugu twamchangia karo, alituarifu kwamba kila wiki huenda huko. Kaka yangu mkubwa akasema hiyo ni israfu dhahiri, na mchango usimame: fedha ya mahindi na ng'ombe haiwezi kwenda kuyeyuka barafuni. Nikatumwa nikaone. Nikapanda basi, nikapitia Tarime na Sirari, nikavuka mpaka.

Nilimkuta kijana amemshika mkono mtoto wa miaka sita hivi, akimfundisha kusimama. "Mjomba, mimi hapa silipi," aliniambia, "nafundisha wadogo, na huo ndio ujira wangu." Kisha akanitolea stakabadhi za chuo, zote. Kaka alipozisoma alinyamaza, na mchango ukaendelea.

Lakini mimi nilibaki na swali jingine. Mchezo wa magongo ulianzishwa hapo na wageni kutoka Kanada na Marekani. Vijana wa Kenya, wengi wao waliozoea viatu vya magurudumu juu ya lami, wakajifunza, wakaunda timu yao, Ice Lions. Uwanja ni mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, na kwa miaka hawakuwa na timu ya kushindana nayo. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na mabingwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Korona ilipoingia mwaka 2020 uwanja ukafungwa, nao wakarudi kwenye lami. Hata hivyo hawakutawanyika, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Sasa tazama Kasarani, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Huo ni mali ya umma. Ukiharibika, raia ana haki ya kuuliza. Barafu ya hoteli ni ya mwenyewe. Akifunga mlango, nani atamdai? Na mtoto wa Mukuru, mtaa usio mbali na hapo, ataingia kwa kiingilio gani? Mpwa wangu nilimwuliza hilo tukitoka nje. Akasema jioni za Jumamosi huwafundisha wachache wao magurudumu, katika uwanja wa kuegeshea magari, na jozi za viatu ni nne tu, hupokezana.

Nilimwachia nauli yangu ya akiba, anunue ya tano.