Swali Lilikuwa la Lini

Treni ya umeme ilipomaliza mahandaki ya Kilosa nilikuwa bado naisoma ibara ya 63 ya Katiba, inayolipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Sikuwahi kufika Dodoma. Nilitaka kuwaona mawaziri kwa macho yangu wakiulizwa, na kusikia wanavyojibu.

Kesho yake bungeni wageni tulikaguliwa, tukapandishwa jukwaa letu. Saa tatu asubuhi ikasomwa dua, kisha yakaanza maswali. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, kwa hiyo waziri au naibu wake huingia ukumbini na jibu lililokwisha kuandaliwa. Mbunge mmoja aliuliza barabara ya jimboni kwake itajengwa lini kwa kiwango cha lami. Naibu waziri akasimama: Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, upembuzi yakinifu umekamilika, usanifu wa kina unaendelea, ujenzi utaanza kulingana na upatikanaji wa fedha. Kila neno huenda lilikuwa kweli. Lakini swali lilikuwa la lini, na hakuna mwaka uliotajwa.

Utamu wote uko kwenye maswali ya nyongeza, maana hapo hakuna karatasi ya kujificha nyuma yake. Mbunge akabana: fedha za ujenzi zimo kwenye bajeti hii au hazimo? Lilitaka neno moja tu. Akaombwa awe na subira, Serikali ni sikivu. Makofi yakapigwa, nami nikaumia, kwa sababu "hazimo" lingewasaidia wale wananchi kupanga maisha yao kuliko subira isiyo na tarehe.

Baadaye kidogo naibu mwingine aliulizwa kuhusu zahanati iliyokwama kwenye lenta. Akataja kiasi kilichotengwa na mwezi ambao fedha zitapelekwa halmashauri, akaketi. Haikufika dakika moja. Kumbe inawezekana!

Tulipotoka, mzee aliyekuwa ameketi kando yangu, mkazi wa jimbo lile la barabara, aliniuliza, "Mwanangu, umesikia mwaka?"

"Sikusikia, mzee wangu."

Nikamweleza kwamba yote yaliyosemwa huingia katika Taarifa Rasmi za Bunge, na mwananchi anaweza kuyasoma. Akatoa daftari, akataka nimwandikie tarehe ya kikao na namba ya swali, ayasome mbele ya mbunge wake kwenye mkutano wa hadhara.