Mfungulie Geti Taratibu

Mwaka 2006 ukisema Dar es Salaam kwamba unatengeneza filamu, watu waliuliza kwanza: "Na nani?" Walitaka kujua sura ya staa gani itakaa kwenye kava. Filamu ya Girlfriend ya George Tyson ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba hadithi ya Kiswahili iliyopigwa kwa video inaweza kuuzwa dukani kama kaseti ya muziki. Waigizaji wa kikundi cha Kaole tuliozoea kuwaona ITV walikuwa wakihamia kwenye sinema, na Steven Kanumba alikuwa anacheza Dar 2 Lagos pamoja na Wanigeria. Mimi na rafiki yangu hatukuwa na staa. Tulikuwa na kamera ya harusi.

Nayo ilikuwa ya tajiri wa rafiki yangu. Rafiki yangu aliajiriwa kupiga picha za harusi, send-off na kitchen party, kwa hiyo mwisho wa wiki kamera haikushikika. Akaja na wazo: tusubiri Ramadhani, harusi zikipungua tutaiomba. Tukaiomba, tukapewa. Waigizaji wetu wengi walikuwa wamefunga, na tulichoweza kuwalipa kilikuwa nauli na futari. Nilikuwa nimeandika tukio la familia inayogombana wakati wa chakula cha mchana. Nani angetafuna saa saba mchana mbele ya kamera? Ugomvi ukahamia usiku, na kwa kuwa usiku baba huwa nyumbani, ikabidi baba naye awemo. Likawa tukio bora kuliko nililoliandika.

Kanda moja ya MiniDV ilichukua dakika 60, na fedha zetu zilitosha kanda chache tu. Ndiyo maana tulifanya mazoezi. Kila usiku baada ya tarawehe tulikaa mkekani uani kwa shangazi wa rafiki yangu, Temeke, tukarudia maneno mpaka kila mtu akajua yake na ya mwenzake. Rafiki yangu alizunguka na kamera iliyozimwa, akitafuta pa kusimama. Shangazi mtu, ambaye hakuwa na nafasi yoyote katika filamu, ndiye aliyekuwa akikatiza: "Mke hamjibu mume hivyo, mwanangu. Anaanza kwa kunyamaza." Tuliandika alichosema. Siku ya kupiga, tulichukua kila tukio mara moja, kwa shida mara mbili, hata kioo cha kabati kikirudisha jua usoni kwa mwigizaji.

Kuhariri kulikuwa kazi ya usiku, maana ule ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Picha za kwenye kanda huingia kwenye kompyuta kwa kuchezwa tu, saa nzima kwa kanda nzima. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Tulipomaliza tulikuwa na filamu ya dakika 70, iliyotosha kwenye VCD moja. Tukaivalia mashati ya pasi, tukaipeleka Kariakoo.

Msambazaji aliitazama kwa kuikimbiza. Kisha akauliza: "Part Two iko wapi?"

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Msambazaji alinunua masta kwa malipo ya mara moja, na haki zote zikawa zake. Filamu yenye sehemu mbili ilimpa kava mbili na mauzo mawili kutoka kwa mteja yule yule. Mimi nikasema hadithi yetu imeisha. Rafiki yangu akanivuta pembeni: "Mwanangu, mama ntilie tunamdai au anatudai?"

Tukarudi kupiga. Gari likaja, likapiga honi. Mlinzi akatoka kibandani, akachungulia, akafungua geti. Gari likaingia, geti likafungwa, mwenye gari akashuka, akatembea mpaka mlangoni, akagonga. Rafiki yangu akawa anamhimiza mlinzi kutoka nyuma ya kamera: "Mfungulie geti taratibu, kaka. Taratibu zaidi." Watazamaji wa filamu za Bongo waliyacheka sana mageti hayo, wakidhani hatujui kazi. Kumbe zile ndizo dakika tulizolipwa.

Miaka michache baadaye zikaja kamera za Canon zinazorekodi kwenye kadi, 5D Mark II na 7D, na picha yake ikawa na ile mandhari ya nyuma yenye ukungu tuliyoionea wivu kwenye sinema za nje. Sauti ilibidi irekodiwe kando, lakini kadi ilifutika na kutumika tena. Rafiki yangu akafurahi kama aliyefunguliwa minyororo. "Tupige tu, tutachagua mbele." Hapo mazoezi yakafa. Waigizaji walikuja wakisoma maneno kwenye simu dakika tano kabla, na mkeka wa Temeke ukabaki wa kukalia. Mabishano yetu ya uani yakahamia kwenye kompyuta, nikiwa peke yangu, nikitafuta mara ipi kati ya nyingi ilikuwa na uhai.

Aprili 2012 Kanumba alipofariki, umati uliofurika Leaders Club kumuaga ulionyesha jinsi watu walivyozipenda filamu hizi. Lakini barabarani tayari zilikuwa zinauzwa DVD za kunakiliwa zenye filamu tele ndani ya diski moja. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye kazi za filamu na muziki. Hazikuyaokoa maduka ya diski, kwa sababu mteja alikuwa anahamia kwenye simu.

Leo kazi zetu zinakwenda kwenye televisheni na YouTube, kwa vipande vifupi, na kila kipande sharti kiishie pabaya ili mtu arudi. Rafiki yangu, yule wa taratibu zaidi, sasa anakata mlango kabla haujafunguka.

Siupambi umaskini wetu wa 2006. Ila nimejifunza kutofautisha vikwazo. Kanda ilitubana sisi, nasi tukaongeza akili, na tukamsikiliza shangazi. Soko liliibana hadithi, likairefusha jana, likaikatakata leo, na hakuna mazoezi yanayotibu hilo. Katika filamu ile ya zamani, matukio ya ndani ya nyumba bado yanasimama. Yanayochekesha ni ya getini.

Sasa tunaandika nyingine, ya fedha zetu wenyewe, akiba ya harusi zake na ya makala zangu. Yeye anasema dakika 50 zinatosha, mimi nasema 80. Safari hii hakuna msambazaji wa kumsingizia, kwa hiyo tumeanza kubishana mapema.