Turbo Hufungwa Mwisho

"Shikamoo babu. Sasa kompresheni tunaipimia nini, na gari linatembea?"

Aliyeniuliza ni kijana ambaye hapa Kasesya anaitwa fundi, na mwenye gari alikwishampa nusu ya malipo. Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu, zile za mkonga, injini 1HZ ya dizeli, silinda sita, haikutoka na turbo kiwandani. Boksi la turbo lililoagizwa Dubai lilikuwa juu ya tairi la akiba, limeshachanwa. Mpango ulikuwa turbo ifungwe kabla ya giza, alfajiri gari livuke mpaka upande wa Zombe, lipeleke mchele Mbala, Zambia. Nikaitikia marahaba, nikavuta kigoda. Swali lile halijibiki kwa kusimama.

Kwanza mtu ajue tunaishi wapi. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kama moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hujivutia hewa yenyewe. Ikikuta hewa nyepesi, inavuta hiyohiyo. Pampu ya dizeli, kwa magari yetu mengi ya zamani, haina habari kwamba gari limepanda mlima: inamimina vilevile ilivyopimwa kule bondeni. Ndipo unapoona moshi mweusi. Teremka Kasanga ziwani, mita kama 770 tu, gari lilelile linapata pumzi. Ligeuze na shehena ya migebuka kurudi Matai, linaanza kukoroma. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya dawa ya ugonjwa huu tangu 1905: moshi unaotoka kwenye injini uzungushe feni, na feni isukume hewa ndani. Watu wa nyanda za juu tulipaswa kuwa wa kwanza kumshukuru, lakini hadi turbo inatufikia sisi, wengine tulikuwa na mvi.

Nilianza na Land Rover 109. Dizeli yake ya lita mbili na robo ilikuwa na nguvu za farasi sitini na kitu, na hizo ni za bondeni. Kupanda kutoka Kasanga ilikuwa kazi ya gia ya kwanza, utingo akitembea kwa miguu pembeni, gogo mkononi, tayari kulisukumia nyuma ya tairi gari likigoma. Utingo mzuri alikuwa hapandi garini mpaka juu kabisa, na hakuna aliyeona ajabu. Miaka ile mafuta yalikuwa ya kibali, spea ya kubahatisha, na mtu aliyekuwa na ringi mpya za pistoni alizifunga kwenye kitambaa na kulala nazo chumbani. Siitamani hali ile. Natamani adabu yake. Kwa kuwa hakukuwa na cha kubadilisha, ilibidi ujue kwanza kipi kimekufa na kipi kizima.

Wenzangu wakikaa barazani hubisha kwamba Land Cruiser ya kwanza ya 1HZ ilifika kwetu 1988, imebeba wageni wa mradi fulani. Haiwezekani. Umbo lile la gari, ndiyo, Toyota walilitoa mwisho wa 1984, na yaliyotangulia kwetu yalikuwa na 2H ya lita nne. Injini ya 1HZ, lita 4.2, ilitoka Januari 1990. Basi iwe 1991, iwe 1992, mwaka haujengi gari. Ninachokumbuka ni kwamba hospitali za misheni, miradi ya maji na ofisi za serikali zilibadilika karibu kwa pamoja, na yadi zao zikaanza kunuka dizeli badala ya petroli.

Na nikisema harufu, lazima nimtaje Mzee wa Mazwi.

Duka lake lilikuwa mtaa wa Mazwi mjini Sumbawanga, chumba kimoja mbele cha spea na kimoja nyuma cha kazi. Alijifunza ufundi Kitwe, kwenye migodi ya shaba, kama Wafipa na Wamambwe wengi wa umri wake waliokwenda Zambia kutafuta maisha. Alirudi na masanduku mawili: moja la nguo, moja la vipimo. La nguo liliisha. La vipimo lilikuwa na rula ya chuma ambayo haikuruhusiwa kugusa mezani bila kitambaa chini, fila geji zilizopakwa grisi, maikromita, na geji ya kompresheni ambayo hakuwahi kumwazima mtu, hata mkwewe. Ukiingia chumba cha nyuma, kwanza inakupiga harufu ya dizeli, halafu mafuta ya taa, kisha ile dawa ya kusagia valvu, halafu gasketi za koki zilizolowekwa maji ya moto ziwe laini. Chini ya zote, harufu ya ulezi: mkewe alihifadhi magunia yake humohumo, na hakuna aliyethubutu kumwambia ayaondoe.

Wateja walimjua zaidi kwa nozeli. Alikuwa na mashine ya mkono: unafunga nozeli, unakandamiza wenzo, geji inapanda, halafu nozeli inakohoa. Ikiwa nzima inatoa ukungu mwembamba kama moshi wa ubani, na inakata palepale, chak. Ikiwa mbovu inatoa mkojo, au inabaki na tone kwenye ncha. Tone lile ndilo alilolichukia kuliko wezi. "Hili," alikuwa akisema, "ndilo linalotoboa pistoni, na mtu atasema ni uchawi." Ukisogeza kidole karibu na ukungu alikupiga kofi la mkono bila kujali wewe ni dereva wa nani, maana dizeli yenye kasi ile inapenya ngozi.

Turbo ya kwanza ya kuongezea niliyoiona ilikuja kwake ndani ya kreti la mbao kutoka Australia, ambako watu wenye mashamba ya mbali wamezifunga kwenye 1HZ tangu zamani. Mwenye gari alikuwa mgeni wa mradi, mtu wa haraka. Mzee akapokea kreti, akalipandisha juu ya kabati, akalifunika turubai. Kisha akaomba gari, bila kreti.

Alianza kwa kung'oa plagi za kupashia moto zote sita, akafunga geji kwenye tundu la kwanza, nikapiga stata. Akaandika kwa chaki ukutani. Tundu la pili, la tatu, mpaka la sita. Hakujali sana namba kuwa kubwa. Alitaka ziwe sawa. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, alisema, turbo itaikuta na kuimaliza, kwa sababu turbo haiponyi injini, inaizidishia lile ililonalo.

Ile injini ilikuwa sawa, lakini bado akafungua silinda hedi. Hedi za 1HZ hupasuka kati ya valvu, nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni. Hakuwa na dawa za rangi wanazotumia karakana kubwa. Akapaka mafuta ya taa sehemu yote ya kati ya valvu, akaacha yapenye, akafuta kwa kitambaa kikavu hadi chuma kikang'aa, halafu akasugua chaki ya shule. Tukasubiri. Pale penye ufa, mafuta yaliyojificha hupanda na kuchora mstari kwenye unga mweupe. Siku ile hapakuwa na mstari. Akaweka rula ya chuma kwa mshazari, akapitisha fila chini yake kutafuta kama hedi imepinda. Akapima pistoni zinavyochungulia juu ya bloku ndipo akachagua gasketi, maana gasketi zake huuzwa kwa unene tofauti na wengi hununua yoyote.

Sababu ya udhia wote ule aliieleza akila. Injini ya 1HZ huibana hewa karibu mara 22. Nduguye, 1HD-T, aliyetoka kiwandani na turbo yake, huibana mara 18 na nusu hivi. Injini inayozaliwa na turbo mara nyingi hupigiwa oili chini ya pistoni ili zipoe. Isiyozaliwa nayo haitegemei kupata anasa hiyo. Kwa hiyo ukiiongezea 1HZ hewa, uiongezee kwa kiasi: pauni saba, nane, basi. Na joto la moshi ulipime kwa geji kabla moshi haujaingia kwenye turbo, usilipeleke nyuzi 700 ukakaa nalo huko mlima mzima. Alumini tupu huyeyuka nyuzi 660. Pistoni hazifiki joto la moshi wenyewe, lakini unaelewa tunacheza na nini.

Yakafuata madogo ambayo ndiyo makubwa. Rejeta ilitolewa ikafumuliwa na kusafishwa. Nozeli zote zikapita kwenye mashine. Taimingi belti ikabadilishwa ingawa kilomita zake 100,000 zilikuwa hazijatimia. Ekzosi ikachongwa upya kwa bomba pana la inchi tatu, kwa sababu turbo yenye ekzosi nyembamba ni mtu anayekimbia ameziba pua. Mipira ya hewa kutoka kwenye filta ikakaguliwa mmoja mmoja: vumbi jekundu la barabara ya Kasesya likipata tundu baada ya filta, linasaga mapezi ya turbo kwanza, halafu silinda. Bakuli la oili likashushwa ndipo likatobolewa tundu la kurudishia oili ya turbo. Hakulitoboa likiwa kwenye gari. Chembe za chuma, alisema, hazina adabu.

Mgeni alikuja na kuondoka, akaja na kuondoka, uso umewiva. Kreti liliposhushwa hatimaye, kufunga turbo yenyewe kulichukua muda wa kutoka chai hadi chakula cha mchana. Skrubu ya dizeli kwenye pampu Mzee aliigusa mwisho kabisa, robo tu, macho kwenye geji. Tukateremka Kasanga, tukapakia, tukapanda. Gia ya tatu. Utingo alikaa ndani akilalamika kwamba hana kazi.

Sasa linganisha. Vijana wa leo wanaanza na ile skrubu! Mteja akisema gari zito, bisibisi inaingia, dizeli inafunguliwa, moshi unatanda hadi Zambia, na mteja anafurahi kwa sababu gari "limechangamka". Petroli ikizidi hewa inapoza. Dizeli ikizidi hewa inachoma. Jambo hili lilikuwa linajulikana kwa utingo wa zamani. Leo hata mwenye cheti cha ufundi unamweleza, anakuangalia kwa huruma. Geji ya joto la moshi anaiita urembo. Oili ananunua ya kupima kwenye chupa za maji, kisha anailisha turbo ambayo mhimili wake unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kitu pekee kinachouzuia usigusane na chuma ni utando wa oili ileile. Ikifa, wanalaumu Wachina.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Injini za mitumba zikaanza kushuka kutoka Japani na Dubai, na kwa mara ya kwanza ikawa rahisi kubadilisha injini nzima kuliko kuitibu. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ikakamilika, kilomita zaidi ya 220, kisha ya Matai na bandari ya Kasanga. Kalambo yetu ikawa wilaya. Mzee wa Mazwi akafariki; wanawe wakagawana rafu, na sanduku la vipimo likauzwa kwa muuza chuma chakavu kwa kilo. Pale pana duka la simu sasa. Silalamikii lami, wala simu. Ila lami ilipoondoa mateso iliondoa na sababu ya kujifunza.

Lile pikapu la mchele tulilipima jioni ileile, maana mwenye gari aliniheshimu kwa mvi. Silinda tano zilisoma karibu sawa. Ya sita, ya nyuma kabisa upande wa kabini, ilikuwa chini kwa mbali. Nikasema fungua hedi. Mwenye gari akapiga hesabu ya gharama, akashukuru sana, akalipeleka Matai, wakamfungia turbo bila maswali. Bado linatembea, linatoa moshi unaouona kabla ya kuliona gari. Ndiyo shida ya kumfundisha mtu kwa 1HZ: injini ile ni ngumu mno, huchelewa kumwaibisha mjinga.

Kwa hiyo wewe mwenye Cruiser ya zamani na hamu ya kupanda mlima, hamu yako ni halali. Huku juu turbo si anasa. Ila weka fedha za kazi ya mwanzo kabla ya fedha za boksi: kompresheni, hedi, nozeli, rejeta, ekzosi, geji ya joto, oili safi. Zikitosha hizo tu, fanya hizo tu. Huenda ukakuta gari limepona bila turbo. Ukiwasha, liache lingurume kidogo kabla ya kuondoka, na ukifika liache tena kidogo kabla ya kuzima. Na fundi atakayekuambia kupima ni kupoteza muda, mwombe funguo zako.