Kikohozi cha Arthur

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Hata mimi wa Kidato cha Tatu nimeona yangu, tena kwenye mchezo wa video!

Likizo ya Agosti nilimtembelea binamu yangu Nakuru. Tukacheza Red Dead Redemption 2, mchezo uliotolewa mwaka wa 2018 kuhusu majambazi wa Marekani ya 1899. Mwanzoni nilichoka kama nini! Nabonyeza kitufe, Arthur Morgan anageuka polepole, anainama, ndipo anaokota kitu.

"Kwani huyu ni kobe?" niliuliza.

Binamu alicheka. Akanieleza kuwa mwendo ule umetoka kwa watu hasa. Arthur aliigizwa na Roger Clark, akiwa amevaa nguo ya kubana yenye alama, kamera zikinasa kila hatua, kisha kompyuta ikamvisha Arthur mwendo huo.

Wazo lenyewe si geni. Jordan Mechner alipotengeneza Prince of Persia, uliotoka 1989, alimpiga ndugu yake mdogo, David, picha za video akikimbia na kuruka, kisha akazifuatisha moja moja. Kijitu chake ni kidogo, uso hauonekani vizuri, lakini kikianguka shimoni roho yako inaruka.

Naam, tuendelee. Arthur akapata kifua kikuu. Akaanza kukohoa, mabega yakipanda, mgongo ukipinda. Nikaweka padi chini. Mabega yale niliyajua! Yalikuwa ya Mjomba, aliyekuwa akitibiwa ugonjwa huo huo nyumbani kwetu. Muuguzi alishatuambia hawezi kutuambukiza tena, lakini mimi bado nilikuwa nikibeba sahani yangu kwenda kulia jikoni. Usiku akikohoa, nilijifunika blanketi huku nikisonya.

Rafiki zangu husema picha ikipendeza ndipo unazama mchezoni. Mimi nasema sivyo, bwana. Sura nzuri hutazamwa tu. Mwili wenye uzito ndio unaokuingiza ndani. Ule ukobe nilioucheka ndio uliofanya kikohozi kile kiniume.

Niliporudi nyumbani, niliketi na sahani yangu kando ya Mjomba.

"Leo jikoni kumefungwa?" aliniuliza.

Kumbe alikuwa akiona siku zote! Nilikosa jibu, nikamsogezea mboga.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mchezo wa video.