Busaa Huanza Kuchujwa Juu ya Bati

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imekwenda kwenye busaa, pombe ya mahindi na wimbi inayopikwa Magharibi mwa Kenya. Kazi hiyo imenipa msimamo ambao wapishi wenzangu wengi huupinga: pombe ikigoma kuchujika, kosa si la kitambaa. Limeshatendeka siku kadhaa nyuma, kwenye mashine ya kusaga, kwenye bati la kukaangia, au pale kimea kilipotiwa. Mpishi anayesimama mbele ya pipa akihangaika na uji unaoziba chujio anatafuta dawa mahali ambapo ugonjwa haukuanzia, na ndiyo maana hubadilisha vitambaa mwaka hadi mwaka bila nafuu.

Shida yenyewe iko katika punje ya mahindi. Shayiri, nafaka ya bia za viwandani, ina ganda linalobaki hata baada ya kusagwa. Maganda hayo hulala chini ya chombo, yakaachia mianya, na bia ikapita katikati yake ikitoka safi. Mahindi hayana ganda la namna hiyo. Ukiyasaga laini kama unga wa sima, ukayachemsha, unapata gundi, na gundi haichujwi na chombo chochote cha jikoni. Waliotutangulia walilijua hilo bila kusoma kitabu. Waliloweka unga na kuuacha uchache siku kadhaa, kisha wakaukaanga huo unga uliochacha juu ya bati pana, wakiugeuza bila kupumzika mpaka ugeuke chenga za kahawia. Wengi husema ukaangaji ni wa kuleta ladha na harufu. Sikatai, lakini naona kazi yake kubwa ni nyingine. Wanga wa mahindi huiva kati ya nyuzi joto 62 na 72 hivi, na kwa kuwa unga umeshalowana, unaivia palepale juu ya bati. Wakati huohuo maji yanakauka na chenga inashikamana. Tunapata wanga ulioiva ambao umebaki vipandevipande, na vipande hivyo ndivyo vitakavyofanya kazi ambayo shayiri huifanya kwa maganda yake. Anayekaanga kwa haraka ili kuokoa kuni huacha ubichi katikati, chenga zikavunjika ndani ya pipa, na kuni alizookoa akazilipa siku ya kuchuja.

Kimea nacho kina sheria zake. Wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa, limebeba vimeng'enya vinavyoukata wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo ambayo hamira huigeuza kileo. Vimeng'enya hivyo haviwezi moto mkali: kupita nyuzi 70 vinaanza kufa, na katika maji yanayochemka havidumu. Kimea kikitiwa wakati chenga bado zinafuka, wanga hubaki mzima, na pombe itakuwa nzito bila kuwa kali. Kipimo chake ni rahisi. Chukua tone la pombe iliyochujwa, liweke kwenye sahani nyeupe, litie ayodini ya duka la dawa. Likigeuka buluu iliyokolea hadi weusi, wanga umebaki mwingi. Rangi ikibaki karibu na kahawia ya ayodini yenyewe, kimea kilifanya kazi yake. Busaa haikosi kuonyesha buluu kidogo, lakini pipa linaloziba kitambaa na pipa linalochujika hutofautiana kwa rangi, na tofauti hiyo ilikuwapo kabla kitambaa hakijaguswa.

Nitajibiwa kwamba dawa ni kitambaa chenye nyuzi zilizobana zaidi. Hesabu inakataa. Chembe ya hamira ina upana wa sehemu tano hadi kumi za elfu ya milimita, na chembe ya wanga wa mahindi ni kama kumi na tano. Matundu ya kitambaa cha kawaida ni makubwa kuliko hayo mara nyingi. Kitambaa kwa hiyo hakichuji vumbi la pombe. Kinashikilia machicha, na machicha yakishatulia ndiyo yanayochuja. Ndiyo sababu kata za kwanza hutoka chafu na inafaa zirudishwe juu, zipite upya taratibu. Ndiyo sababu pia napinga kukamua. Najua hoja ya mkamuaji: ndani ya machicha kuna pombe, na pombe ni pesa. Ni kweli, lakini mkono unapobana, unasukuma nje wanga uleule ambao machicha yalikuwa yameushika, na ndoo nzima inachafuka kwa ajili ya vikombe vichache. Yaache yadondoke yenyewe, yanayobaki wape ng'ombe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaosema tuache pombe itulie, vumbi litazama lenyewe. Litazama, ila kwa mwendo wake. Chembe yenye nusu ya upana wa nyingine huzama polepole mara nne zaidi, kwa hiyo unga uliosagwa laini sana hukaa ukielea. Zaidi ya hayo, busaa haifi inapochujwa: hamira inaendelea kutoa gesi, na mapovu yanayopanda yanainua tena kilichokuwa kinashuka. Ukingoja mpaka gesi iishe, hewa inaingia juu ya pipa na bakteria wa siki wanaanza zamu yao. Pombe hii hunyweka siku mbili tatu tu, haina muda wa kusubiri. Viwanda vyenye mashine za kila aina navyo havikujisumbua kuing'arisha: Chibuku, pombe ya nafaka inayouzwa Zambia, Malawi na Zimbabwe, hutikiswa kabla ya kunywewa. Uzito huo wa pombe si uchafu. Una hamira, na hamira ina vitamini za kundi B. Sitetei pombe inayong'aa, natetea pombe inayopita mrijani.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kuchekewa, nalo ni imani kwamba kuchuja vizuri husafisha nafaka mbovu. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya mahindi. Uvumi ulisema imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta sumu ya bakteria walioota kwenye unga ulioharibika, sumu ambayo imo ndani ya kinywaji chenyewe na haishikwi na kitambaa chochote. Sumukuvu ya mahindi yaliyovunda nayo haiishi kwa kuchachishwa wala kwa kuchemshwa. Kwa hiyo unga uliolowa ukaota ukungu usiupeleke kwenye bati hata ukiwa umeupata bure. Ufukie, na mifugo isiupate.