Manowari Isiyopigana

Historia nyingi za manowari nilizopata kuzisoma zina mtindo mmoja. Huanza na siku ya kushushwa majini, zikaenda moja kwa moja kwenye mapigano, zikahesabu mizinga na maiti, kisha zikaishia hapo. Pallada, manowari ya matanga ya Warusi, haiwezi kuandikwa hivyo. Ilitumika tangu 1832 hadi 1856, ikiwa na mizinga 52 na mabaharia zaidi ya 400, na katika muda wote huo haikupigana pigano lolote kubwa. Hata hivyo, miongoni mwa merikebu za matanga za Urusi ni chache zinazojulikana na wasomaji kama hii. Jambo hili limenishughulisha sana tangu nilipostaafu, na sababu yake nitaieleza.

Ilijengwa St Petersburg na kupewa jina la Athena, mungu wa kike wa Wayunani wa kale. Nahodha wake wa kwanza alikuwa Pavel Nakhimov, kijana wa miaka thelathini tu aliyekwisha kuonja vita huko Navarino mwaka 1827. Usiku mmoja wa Agosti 1833 Pallada ilikuwa safarini katika Bahari ya Baltiki pamoja na kundi zima la manowari. Aliyeliongoza kundi hilo alikuwa Bellingshausen, yule yule aliyefika kwenye barafu ya Antaktika mwaka 1820. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Kwa dakika chache Nakhimov aliuona mnara wa taa wa Dagerort, akapima mahali alipo, akatambua kwamba kundi zima linaelekea kwenye miamba. Hapo akatoa ishara kwamba kundi linaingia hatarini, kisha akageuza njia.

Msomaji alifikirie jambo hilo. Mbele yako yuko mkubwa wa heshima, bingwa wa bahari, na wewe ni mdogo wake, na desturi ya jeshi ni kufuata mstari. Nakhimov hakuungoja mstari. Wengine walimfuata wakaokoka. Merikebu moja, Arsis, ilipanda mwamba. Mimi nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na nawajua walimu wasaidizi wa aina mbili: yuko anayesema "ndiyo, Mkuu" mpaka chombo kinapasuka, na yuko anayebisha hodi ofisini usiku. Huyu wa pili huchosha, lakini ndiye wa kumpa daftari la zamu. Kwa maoni yangu, kama Pallada isingefanya tendo lingine lolote, usiku ule ungetosha kuilipia mbao zake.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimuliwa. Nakhimov aliondoka kwenda Bahari Nyeusi, ambako baadaye alishinda vita vya Sinope mwaka 1853 na kufa Sevastopol mwaka 1855. Pallada ilibaki kaskazini ikizeeka.

Mwaka 1852, ilipokuwa na umri wa miaka 20, umri mkubwa kwa chombo cha mbao, ilipewa kazi nzito kuliko zote. Ilitakiwa kumpeleka Admirali Yevfimy Putyatin hadi Japani kutafuta mkataba. Nahodha sasa alikuwa Ivan Unkovsky. Karani wa Putyatin alikuwa mtumishi wa serikali mwenye umri wa miaka 40, mtu aliyependa kiti chake na chai yake, aitwaye Ivan Goncharov. Safari ilianza kwa nuksi. Kipindupindu kiliua watu chomboni. Karibu na Copenhagen manowari ikakwama. Ikabidi iingizwe gudi Portsmouth kufanyiwa matengenezo. Kwa ucheleweshaji huo, njia ya kuizunguka Amerika ya Kusini ikaachwa, wakashika njia ya Rasi ya Tumaini Jema. Hivyo ndivyo Goncharov alivyofika Afrika, Machi 1853. Huko alisafiri bara kwa gari la farasi, na akafika gerezani kumwona Siyolo, chifu wa Waxhosa aliyekuwa mateka wa Waingereza. Kurasa hizo huzisoma kwa uangalifu, maana mwandishi ana macho makali, lakini mara nyingine hutuangalia kama mtu anayetazama vitu dukani.

Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1858 kwa jina la manowari hiyo, ndicho kilichoiokoa Pallada isisahauliwe. Na ndani yake asiyesahaulika si admirali. Ni Faddeev, baharia mtumishi wa karani huyo. Maji baridi yalikuwa yakitolewa kwa kipimo, na ya kuogea yalikuwa ya bahari. Faddeev, kwa kumhurumia bwana wake, alikuwa akimwibia maji baridi ya kunawa uso. Watu wengine mamia walivuta kamba zile zile, wakapanda milingoti ile ile, wakafua maji usiku kucha, na hakuna msomaji anayewajua. Faddeev anajulikana kwa sababu alimhudumia mtu mwenye kalamu.

Hapa ndipo panaponigusa. Chuo nilichokiongoza kilipata kuandikwa mara moja, katika kijitabu cha maadhimisho. Mna picha za wageni rasmi na orodha ya wakuu wa chuo, nami nimo, na miaka yangu kwenye mabano. Hamna mpishi aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka 26, aliyekuwa akijua kwa sauti ya kikohozi ni mwanachuo gani ana malaria. Hamna karani wa stoo aliyegawa chaki nusu nusu mwaka ule wa shida, masomo yasisimame. Wote wawili wamekwisha kufariki. Mwaka jana mjukuu wa yule mpishi, naye sasa ni mwalimu, aliniamkia sokoni, akaniuliza: "Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Babu yangu alikuwa akifanya nini hasa pale chuoni?" Nilimjibu tukiwa tumesimama, mpaka ndizi zikamchosha mkono. Nilipofika nyumbani nilianza kuandika.

Turudi baharini. Katika Bahari ya Hindi dhoruba iliilegeza Pallada, mishono ya mbao ikavuja, na Putyatin akatambua kwamba chombo hakitarudi nyumbani. Akapeleka ombi la kuletewa manowari nyingine, Diana. Julai 1853 tufani iliwakuta upande wa Ufilipino. Mlingoti mkuu ukayumba kiasi cha kutaka kung'oka, wakaufunga kwa kamba. Hata hivyo Agosti walitia nanga Nagasaki, bandari ambayo sheria ya Wajapani iliwatengea wageni. Mwezi mmoja kabla, Wamarekani wa Perry walikuwa wamekwenda na mizinga yao hadi lango la mji mkuu. Putyatin alichagua kubisha mlango uliokuwapo, na ingawa alingojeshwa sana, mkataba ulitiwa saini Shimoda Februari 1855. Wakati huo hakuwa tena na Pallada. Alifika huko kwa Diana, nayo iliharibiwa na tsunami ya Desemba 1854 kisha ikazama.

Pallada yenyewe ilikwisha kuachwa. Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani dhidi ya Urusi mwaka 1854, na manowari kongwe inayovuja haikuweza kupigana nazo. Walitaka kuificha ndani ya mto Amur, lakini mkuku wake ulihitaji maji mengi na mlango wa mto una mafungu ya mchanga. Merikebu ndogo ya mvuke iitwayo Vostok, jina lile lile la chombo cha Bellingshausen, ilikuwa imepita njia hiyo mwaka uliotangulia. Pallada ilijaribu ikashindwa. Ikarudishwa kusini hadi ghuba iliyoitwa wakati ule Bandari ya Kaisari, ambayo leo ni Sovetskaya Gavan, ikaachiwa walinzi wachache wa kuitunza katika baridi na barafu.

Tarehe 31 Januari 1856, Warusi wenyewe waliizamisha hapo, isije ikatekwa na adui. Wako wanaosifu uamuzi huo. Mimi siwezi. Ghuba ilikuwa imeganda, na sioni ni adui gani angefika kuichukua katika majira hayo. Mkataba wa amani ulitiwa saini Paris tarehe 30 Machi mwaka huo huo, miezi miwili tu baadaye. Wapiga mbizi wameishukia mara kadhaa tangu hapo, lakini haikuinuliwa.